Matanga ya Seleyian

Phylis Mwongeli alikuwa anakaanga vitunguu vya mboga ya mchana simu ilipolia. Aliyepiga ni Lorna, mama mmoja wa Kimuka, kule upande wa Ngong, anayefuga mbwa wa kulinda boma na aliyekuwa mteja wake tangu siku za kwanza za biashara. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyesimama nje ya kanisa ibada ikiendelea.

"Phylis, pole sana. Nimeona sasa hivi. Sikujua hata alikuwa mgonjwa."

"Nani mgonjwa?"

"Seleyian. Si ameaga?"

Phylis alizima jiko. Vitunguu viliendelea kulia kwenye mafuta, naye akavitazama mpaka vikanyamaza. "Ameaga wapi? Nilikuwa na yeye juzi."

"Iko hapa kwa mtandao, na picha yake. Wanachanga ya mazishi. Mimi nimetuma kitu kidogo. Nilidhani ni wewe umeandika, maana imeandikwa vile wewe huandika."

Phylis alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja. Akapiga namba ya Seleyian. Sauti ya kike ikamwambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga tena, akajibiwa vilevile. Akakaa kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa, mwiko bado mkononi.

Kabla ya kazi hii, Phylis alikuwa akiuza vifuniko vya simu na kupiga picha za pasipoti katika duka la mtu pale Kitengela mjini. Kila Jumapili, nje ya kanisa lake, kikundi cha watu wenye ulemavu kilipanga vitu vyao mezani: viti, mikoba, mikanda, mafagio. Waumini walikuwa wakitoka ibadani wanaacha sarafu mezani na kwenda zao bila kuchukua kitu. Jambo hilo lilimkera Phylis. Vitu vilikuwa vizuri, na watu walikuwa wakivilipia kwa namna fulani, ila hawakuvitaka. Siku moja akawapiga picha wale watu na bidhaa zao, akaziweka mtandaoni, na kabla wiki haijaisha mtu wa Ongata Rongai akataka kola ya mbwa. Hiyo kola ilikuwa ya Seleyian.

Kutoka hapo biashara ilikua. Phylis aliacha duka. Aliandika habari za kila fundi, akapokea oda, akafunga mizigo, akaipeleka kwa magari ya kubeba vifurushi, na kwa kila kitu kilichouzwa alibaki na sehemu yake. Mjini wakaanza kumwita "yule wa walemavu", na kusema kweli jina hilo lilimpendeza. Pasta alimtaja mimbarini. Wanawake wa kanisa walimshika mkono wakamwambia ana moyo.

Seleyian ndiye aliyekuwa fundi wake wa kwanza na rafiki yake. Alizaliwa Kimana, kule kwenye mashamba ya vitunguu na nyanya, na polio ikampata angali mdogo. Alitembea kwa magongo mawili. Shanga alifundishwa na mama yake, ngozi akajifunza mwenyewe baada ya kuja Kitengela, halafu akaviunganisha viwili hivyo katika kola za mbwa, ngozi nene iliyoshonewa shanga kwa mistari ya Kimaasai. Mama yake alipoambiwa kwamba shanga zinavalishwa mbwa, aliuliza kama hao mbwa wanaumwa.

Sasa Phylis alipanda bodaboda na kumwambia dereva aende kwenye ploti ya Seleyian, ng'ambo ya barabara ya Namanga. Njiani alitafuta watu waliokusanyika, viti vya kukodisha, turubai, chochote cha matanga. Hakuna. Lango lilikuwa wazi, nguo zimeanikwa kama kawaida. Jirani mmoja alikuwa anaosha gari la mtu. Ukimya huo ulimtisha kuliko kilio. Alifikiri labda hawajui bado, na kwamba yeye ndiye atakayefungua mlango.

Mlango ulikuwa wazi. Seleyian alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, kipande cha ngozi kimebanwa mapajani, uzi mdomoni. Akainua kichwa, akatoa uzi.

"Karibu. Mbona unatetemeka?"

Phylis aliingia, akamshika bega, akamshika shavu, akaketi chini kwenye saruji.

"Simu yako iko wapi?"

"Si stima imepotea tangu jana. Haina moto." Simu ya Seleyian ilikuwa ndogo, ya vitufe, ile ya tochi. Alikuwa ameiacha dirishani imezimika. "Kuna nini, Phylis? Nani amekufa?"

"Wewe."

Seleyian alimtazama akingoja aendelee. Phylis alifungua simu yake na kumwonyesha. Ilikuwa picha ambayo Phylis mwenyewe alipiga mlangoni pale pale, Seleyian akicheka na magongo yameegemea ukuta. Mtu alikuwa ameiondoa rangi, akachora mshumaa pembeni, na juu akaandika: Pumzika kwa amani, dada yetu. Chini kulikuwa na namba ya kutuma mchango wa mazishi na maelezo marefu, na chini yake tena, watu. Watu wengi sana.

"Nimekufa na nini?" Seleyian aliuliza.

"Wanasema ni moyo. Ghafla."

"Moyo wangu hauna shida." Alisema hivyo polepole, kama anayemjibu daktari. Kisha akaweka ngozi chini, na mikono yake, ambayo Phylis hakuwahi kuiona imekaa bure, ikabaki wazi mapajani. "Wanasema mwili uko wapi?"

"Kajiado. Chumba cha maiti."

"Phylis, Lemein ako na simu kubwa. Atakuwa ameona."

Lemein alikuwa kaka yake, aliyebaki Kimana na mama yao. Phylis alikuwa na namba yake. Ilipolia mara ya kwanza haikushikwa. Mara ya pili alishika, na nyuma yake kulisikika mngurumo wa gari na sauti ya mwanamke mzee akisema jambo lile lile bila kupumzika.

"Lemein, ni Phylis wa Kitengela. Seleyian yuko hapa."

"Mmemtoa Kajiado?" Sauti yake ilikuwa kavu. "Tumetoka huko saa hizi, tumemkosa. Walisema hakuna mtu wa hilo jina."

"Sikiza. Si mwili. Ni yeye. Ameketi hapa, anaiangalia hii simu."

Phylis akampa Seleyian simu. Seleyian alianza kuongea Kimaa, taratibu, na Phylis, ambaye alielewa maneno machache tu ya salamu, aliona uso wa rafiki yake ukibadilika. Kaka yake hakuamini. Siku hizi sauti inaweza kutengenezwa, alisema, mtu aliyeiba picha hashindwi kuiba sauti. Akamuuliza swali. Baadaye Seleyian alimweleza Phylis lilikuwa gani: jino lako la mbele lilivunjika wapi? Naye akamjibu kwamba lilivunjika kwenye mtaro wa kumwagilia vitunguu vya jirani, siku waliyokwenda kuviiba wote wawili, na kwamba hadi leo mama hajui. Hapo Lemein akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza ile sauti ya mwanamke mzee nyuma yake ikakatika.

Mama hakutaka kuongea kwenye simu. Alisema anataka kuona.

Walifika mchana ukielekea jioni, katika pikapu ya jirani inayobeba vitunguu, maganda bado yametapakaa nyuma. Phylis alitoka nje kuwapokea. Lemein aliruka chini kwanza, kijana mrefu mwenye macho mekundu, akampita bila salamu. Mama yao alishuka baada yake, akishika mlango wa gari. Chini ya kwapa alikuwa amebana shuka jipya, lingali kwenye nailoni ya dukani. Phylis alilitazama shuka hilo, akaelewa ni la nini.

Seleyian alikuwa amesimama mlangoni kwa magongo yake. Mama alitembea hadi kwake, bila haraka, akasimama. Seleyian aliinamisha kichwa kama mtoto anavyomwinamia mkubwa, na mama akaweka kiganja chake juu ya utosi. Kwa desturi mkono huo hugusa tu na kuondoka. Mama hakuuondoa. Aliuacha pale, akausogeza hadi kwenye sikio, hadi kwenye shingo, akabana kidogo mahali damu inapopiga. Majirani walikuwa wametoka milangoni. Yule wa kuosha gari alikuwa amefunga maji.

"Takwenya, yeyo," Seleyian alimwamkia mama yake kwa Kimaa.

Mama aliitikia, "Iko," kisha akamwegemea Lemein.

Walipokwisha kukaa ndani, na Phylis amechemsha chai kwa gesi, mama alianza kueleza, na Lemein akawa anamtafsiria Phylis. Walikuwa wameona picha jana jioni. Kanisani Kimana tayari walikuwa wameomba. Alfajiri wakaanza safari. Kule Kajiado waliambiwa jina halipo, lakini mama aliomba aangalie, maana watu hukosea kuandika. Akaonyeshwa mwanamke mmoja kijana ambaye bado hakuwa na mwenyewe. Kwa mbali alifanana. Alipoona si yeye, mama alifurahi.

"Anasema alifurahi sana," Lemein alisema, akitazama kikombe chake, "halafu akaona haya. Anasema yule pia ni mtoto wa mtu. Alitaka kumwachia hii shuka, lakini mimi nikamwambia tuende."

Seleyian alinyoosha mkono akaichukua ile nailoni yenye shuka, akaiweka nyuma yake mahali mama asipoiona.

Baada ya chai mama alitaka kujua huyo mtu aliandika nini hasa juu ya binti yake. Yeye alionyeshwa picha tu, na ilimtosha. Lemein akafungua simu na kuanza kusoma kwa sauti, sentensi moja kwa Kiswahili, halafu kwa Kimaa.

"Seleyian alizaliwa bila bahati. Miguu yake ilimkataa tangu utotoni. Alitambaa kwenye vumbi la Kimana bila tumaini, lakini tabasamu lake halikuzimika..."

Phylis alikuwa amesimama karibu na meza na birika mkononi. Mpaka wakati huo alikuwa ametazama picha, mshumaa na namba ya simu. Yale maelezo marefu hakuwa ameyasoma, kwa hofu na haraka. Sasa aliyasikia, na kila neno alilijua kabla Lemein hajalitamka. Alijua kwamba baada ya tabasamu yatakuja mapenzi ya Mungu, na baada ya mapenzi ya Mungu itakuja ile sentensi ya kufuta machozi. Yalikuja. Ni yeye aliyeyaandika, kwenye meza ya jikoni kwake, mwaka ule wa kwanza, na akajisifu alipomaliza. Yalikuwa juu ya ukurasa wa kola tangu siku hiyo. Mwizi hakuwa amejisumbua. Aligeuza "anatembea" ikawa "alitembea", akaongeza ugonjwa wa moyo, basi.

Aliweka birika mezani.

Mama alikuwa amemzuia Lemein. Alirudia neno moja la Kimaa, Lemein akaligeuza: "Anauliza, ni nani alisema alitambaa kwa vumbi?"

"Si ni huyu mwizi," Lemein alijijibu mwenyewe.

"Ni mimi," Phylis alisema.

Lemein aligeuka. Seleyian pia aligeuka, na huo ndio uso ambao Phylis hakuweza kuukabili.

"Kifo si mimi," akasema. "Lakini hayo mengine ni yangu. Ni ya ule ukurasa wa kuuzia. Aliiba kwa ukurasa."

Mama alisubiri atafsiriwe. Hakukasirika, au hakuonyesha. Aliuliza kupitia kwa mwanawe, "Ulimwona wapi akitambaa?"

"Sikumwona, mama."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna."

Basi mama akaeleza, akimtazama Phylis moja kwa moja ingawa Phylis hakuelewa maneno. Baba ya Seleyian alimchongea fimbo ya kwanza kabla hajatimiza umri wa kuchunga. Kwa fimbo hiyo alitembea na kwa fimbo hiyo aliwapiga mbuzi, na kaka zake pia. Wana wa mbuzi wote wa boma walikuwa chini yake. Alipokwenda shule alikwenda kwa miguu yake, akichelewa, akichapwa kwa kuchelewa kama watoto wengine. Hakuna siku alikuwa bila tumaini. Alikuwa na kisirani, mama alisema, hicho ndicho alichokuwa nacho.

Lemein alicheka kidogo alipotafsiri hapo, kisha akaacha.

Seleyian alikuwa bado anamtazama Phylis. "Mimi sijawahi kusoma hiyo," alisema. "Uliniambia umeandika habari ya kola."

"Niliandika pia habari ya kola. Iko chini."

"Chini ya vumbi."

Phylis alitaka kueleza kwamba ndivyo watu hununua, kwamba alijaribu maneno ya kawaida wiki ya kwanza na hakuna aliyegusa. Ilikuwa kweli. Lakini mama mwenye shuka la maiti alikuwa ameketi hapo mbele yake, na kweli hiyo haikutoka.

"Nipe hiyo simu," Seleyian alisema. "Nataka kusikia watu wanasema nini kwa matanga yangu."

Wakasoma maoni pamoja, wakipokezana. Wengi walikuwa hawamjui. Malaika ameenda nyumbani. Alikuwa mfano kwetu sisi wazima. Mtu mmoja aliandika kwamba sasa hatimaye anatembea mbinguni, na mamia walikuwa wamekubaliana naye.

"Hata hapa natembea," Seleyian alisema.

Aliendelea kusoma, kidole kikipanda na kushuka kwenye kioo. Phylis alielewa anatafuta nini, na akaanza kukitafuta naye, akiomba moyoni kipatikane. Mshono, rangi, ngozi, mbwa, chochote. Watu walilia miguu. Walilia tabasamu. Katika umati ule wote alipatikana mmoja tu, Lorna wa Kimuka, ambaye chini ya pole yake alikuwa ameandika kwamba kola ya mbwa wake imevuta mnyororo miaka hii yote, mvua na jua, na haijakatika hata uzi mmoja.

"Soma tena hiyo," Seleyian alisema.

Phylis akaisoma tena.

Siku iliyofuata walikwenda kituo cha polisi. Afisa wa kike alikuwa kwenye dawati, akawauliza shida.

"Nimekuja kuripoti kifo," Seleyian alisema.

"Cha nani?"

"Changu."

Afisa aliweka kalamu chini. Alimtazama Seleyian, akamtazama mama, akaona shuka jipya ambalo sasa mama alikuwa amejifunga mwenyewe, maana alisema haliwezi kurudi Kimana bila kuvaliwa na mtu aliye hai. Kisha akatoka nyuma ya dawati, akaleta kiti, na akaandika yote bila kuharakisha. Ile namba ya mchango ilikuwa imezimwa. Picha iliondolewa baadaye, watu wengi walipoilalamikia. Aliyeifanya hakupatikana. Kwa muda Phylis alimshuku kila mtu, dereva wa bodaboda, mteja aliyewahi kulalamika, mpaka akachoka.

Jambo ambalo halikumwacha lilikuwa lingine. Alirudi nyumbani na kusoma kurasa za mafundi wake wote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua nyumba baada ya wezi. Kila mmoja alikuwa tayari kwa kuzikwa. Ingehitajika kugeuza maneno machache tu.

Alianza na Seleyian. Hawakuwa wameongea vizuri tangu siku ile. Phylis alikwenda na simu, akakaa chini, akasema, "Wewe sema, mimi naandika."

Seleyian aliendelea kushona kwa muda. "Andika ni ngozi ya ng'ombe, si ile bandia ya kubandika. Andika chuma cha kufungia hakishiki kutu. Andika shanga zimeshonwa moja moja, hazijagundishwa, mbwa akiuma moja zingine hazianguki."

"Na jina lako?"

"Andika Seleyian wa Kitengela, fundi."

"Picha?"

Alifikiri. "Picha niko na magongo, sawa. Ni yangu. Lakini weka ile nimekunja uso, nikikata ngozi. Ile ya kucheka toa. Hiyo imekufa."

Phylis hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Seleyian naye hakucheka, ila alimsogezea kiti.

Kutoka hapo alikwenda Kisaju kwa Kyule, mchonga viti aliyepoteza mkono kwenye mashine ya kiwanda. Alimsomea ukurasa wake wote, ule wa baba aliyevunjika na watoto wenye njaa, na alipomaliza alikuwa tayari kuomba msamaha. Kyule alipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye kiti alichokuwa akikilainisha.

"Ni mzuri," alisema. "Acha hivyo."

"Kyule, si kweli. Watoto wako hawajawahi kulala njaa."

"Mmoja yuko chuo, na karo ni hiyo huruma inalipa. Mtu akinunua kiti kwa kulia, anakaa chini akilia? Anakaa tu. Kiti ni kiti."

"Na wakikufanyia kama Seleyian?"

"Mama yangu alishakufa. Hakuna wa kukimbia Kajiado." Akarudi kulainisha. Phylis alisimama pale kwenye maranda, kwa sababu alikuwa amekuja na jibu moja la kila mtu, akakuta si kila mtu analitaka. Mwishowe walikubaliana watoto watoke kwenye maneno, mkono ubaki. Wengine, kila mmoja alisema lake, na Phylis aliandika kama walivyosema.

Oda za Seleyian zilipungua. Kwa wiki kadhaa zilikuwa karibu kwisha, na baadhi ya waliokuwa wamemlilia wakaandika kwa hasira kwamba wamedanganywa, kana kwamba ni yeye aliyewadanganya kwa kutokufa. Mmoja alitaka cheti cha kuonyesha yuko hai. Seleyian alikaa siku nzima bila kushika sindano baada ya kusomewa hiyo. Lorna alinunua kola kwa ajili ya watoto wa mbwa wake, akawaambia wafugaji wenzake wa Ngong na Kiserian, na hao walikuwa watu wa mbwa, wasiouliza habari za miguu. Waliuliza kama ngozi inahimili kuoshwa. Biashara ikaanza kupumua tena, ndogo kuliko zamani.

Alasiri moja Phylis alikuwa kwa Seleyian akipiga picha mzigo mpya, mwanamume akasimama mlangoni. Alikuwa mtu mzima, koti safi, kofia mkononi. Alisema anaitwa Omolo, anatoka Athi River, na ameelekezwa na watu wa stendi. Alimtazama Seleyian kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, halafu akashtuka na kutazama chini.

"Samahani, madam. Mimi nilichanga," alisema. "Ya mazishi. Mke wangu alikuwa na miguu kama hiyo, aliaga mwaka jana. Niliona picha yako nikashindwa kulala. Halafu nikasikia hukufa."

"Sikufa," Seleyian alisema.

"Sijakuja kudai. Nilitaka tu kuona." Akageuza kofia mkononi. "Nikifika hapa nimeona ni kitu cha aibu, kuja kuangalia mtu kama ako hai."

Phylis alishusha simu. Hakujua amkaribishe au amfukuze. Lakini Seleyian alikuwa tayari anatoa mkoba juu ya kiti cha wageni.

"Keti, baba. Chai iko."

Omolo aliketi, akanywa chai kwa heshima, akiangalia kola zilizoning'inia ukutani. Alisema ni kazi nzuri sana. Kisha akasema, kwa masikitiko ya kweli, "Lakini mimi sina mbwa."

"Mshipi uko nao?"

Omolo alifungua koti. Mshipi wake ulikuwa wa ile ngozi ya kubandika, umepasuka kila tundu, mwisho wake umefungwa kwa uzi.

Seleyian aliuangalia bila kuficha alivyouona. Akachukua magongo, akasimama, akachukua futi ya kupimia kutoka shingoni.

"Simama," alisema. "Na uachilie tumbo. Wanaume wote huvuta tumbo ndani nikipima, halafu wananirudishia mshipi."

Omolo akasimama, akatoa pumzi.